Nyota za Kupimia Maji

Waraka wa wazi kwa Kamisheni ya Utalii Zanzibar

YAH: MAJI YA MAHOTELI YA KIFAHARI, MASHARIKI NA KASKAZINI YA UNGUJA

Wakuu wetu,

Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Korona ikaja, mwaka uliofuata idadi ikaanguka chini ya nusu, mahoteli yakafunga milango na vijana wakarudi kuvua. Mwaka 2023 wageni walipita 638,000, na mwaka 2024 wakapita 736,000. Takwimu hizi husomwa redioni, huandikwa magazetini, na vijijini kwetu hata muuza urojo anaweza kukutajia. Ni vyema. Ofisi inayowahesabu wageni wake ni ofisi iliyo macho.

Hesabu ninayoiandikia waraka huu ni nyengine, na hiyo sijapata kuisikia redioni: kila hoteli inavuta lita ngapi za maji kutoka chini ya ardhi, kwa siku, kwa mwezi, kwa msimu. Naiomba Kamisheni iidai hesabu hiyo, iitangaze, na iitumie katika kutoa leseni na kupanga madaraja ya nyota. Ombi langu lote ni hilo. Yanayofuata ni sababu zake.

Niondoe shaka mapema: sina ugomvi na mahoteli. Utalii unachangia zaidi ya robo ya pato la Visiwa, na nyumba nyingi za pwani zimeezekwa bati kwa mshahara wa hoteli. Ndugu zangu wamo humo. Yuko wa jikoni, yuko wa bustani, yuko wa mapokezi anayezungumza Kitaliano utadhani kazaliwa Milano. Hoteli zikifungwa tunajua inavyokuwa, tuliiona mwaka 2020. Nataka ziwepo miaka 30 ijayo, na ndiyo maana nazungumza habari za maji, kwani hoteli ya pwani iliyokosa maji matamu ni majengo tu yanayoitazama bahari.

Wakuu, mnaujua uwanda, lakini niruhusuni niueleze kwa ajili ya wasomaji wengine. Upande wa magharibi wa Unguja una udongo mzito na chemchemi. Ndiko Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikovuta maji kwa mabomba kutoka upande wa Bububu hadi mjini, na mji mzima ukanywa. Mashariki hakuna neema hiyo. Mashariki ni jiwe la matumbawe, udongo wake umejificha kwenye vishimo vya jiwe, na mtu hupanda muhogo pale anapoona pa kuingiza jembe. Mvua ikinyesha haifanyi mto. Hupenya kwenye matundu ya jiwe, hushuka, na huko chini hukutana na bahari, maana bahari nayo imepenya jiwe hilo hilo kutoka upande wake. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, basi hukaa juu yake kama mafuta juu ya supu. Tabaka hilo jembamba ndilo kisima cha Jambiani, ndilo kisima cha Bwejuu, cha Kiwengwa, cha Matemwe.

Kuna kanuni ya kitaalamu juu ya tabaka hilo ambayo ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi inayotia saini kibali cha kisima. Waliigundua wahandisi wawili, kila mmoja kwa njia yake: Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19 na Mjerumani Herzberg mwaka 1901. Walionyesha kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na kiasi cha mita 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Ni habari ya kufurahisha mpaka uigeuze. Pampu ikiushusha uso wa maji kwa mita moja, na mizani ikaachwa ijipange, chumvi itapanda mita 40. Ikiushusha kwa sentimita 10 tu, urefu wa kidole na ushei, chumvi itapanda mita 4. Vipimo hivi ni vya jiwe lililo sawa pande zote, na jiwe letu limejaa mapango na nyufa, kwa hiyo mahali pengine chumvi hupanda kwa kasi zaidi kuliko kanuni inavyosema.

Wazee waliochimba visima kwa nyundo na mtaimbo hawakuisoma kanuni hii, lakini ndoo na kamba ziliwalinda. Ndoo haina nguvu ya kuivuta bahari. Pampu ya umeme iliyoteremshwa kwenye shimo refu inayo. Kisima kikianza kuharibika, wa kwanza kujua ni mpika chai, wa pili ni mfuaji nguo, maana sabuni hugoma kutoa povu. Ofisi yenye maabara ndiyo hujua mwisho, baada ya watu kulalamika, na hapo mvua ya masika moja haitoshi kukirudisha kisima kilivyokuwa.

Tazameni pia majira. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, na wakati huo mahoteli mengi hushusha bei, mengine hufunga kwa ukarabati. Wageni hufurika kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha Krismasi hadi Februari. Yaani pampu za mahoteli hulala ardhi inaposhiba, na huamka ardhi inapokauka. Hakuna aliyepanga hivyo kwa nia mbaya. Mtu wa Ulaya anakimbia baridi ya kwao na anataka jua letu. Lakini mipango ya maji inayotumia wastani wa mwaka haiuoni mgongano huu. Wastani wa mwaka unasema tunatosheka. Kisima cha mwezi wa Februari kinasema vyengine.

Sasa takwimu. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha utafiti wake kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja. Alikuta mgeni wa hoteli anatumia wastani wa lita 931 kwa siku, na mgeni wa nyumba ndogo za wageni lita 248. Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern nalo likatoa ripoti iliyovigusa vijiji vya pwani yetu, Nungwi na Kiwengwa vikiwemo. Humo imeandikwa kwamba chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195 kwa siku, na nyumba nzima ya mwanakijiji lita 93.2.

Gawanyeni wenyewe. Chumba kimoja ni sawa na nyumba 34. Hoteli yenye vyumba 100 vya namna hiyo ingekunywa lita 319,500 kwa siku, ambazo kwa madumu ya lita 20 ni karibu madumu 16,000. Mwanamke aliyewahi kulibeba dumu moja kutoka kisimani hadi nyumbani hahitaji mchoro wa kumfafanulia.

Meneja wa hoteli atasema takwimu hizi ni kongwe. Atasema siku hizi wana mifereji ya kubana maji, mgeni anaombwa atumie taulo siku mbili, vyoo vina vitufe viwili. Nitamwamini mara tu atakaponionyesha mita. Na hapo ndipo penye aibu kidogo, wakuu wangu: kwa miaka yote hii, anayetaka kusema lolote lenye tarakimu kuhusu maji ya mahoteli ya Unguja hulazimika kumnukuu Mzungu aliyepita na daftari.

Kilichonivutia zaidi katika kazi ya Gössling ni mgawanyo wake wa matumizi. Takriban nusu ya maji ya hoteli yalikwenda bustanini. Mabwawa ya kuogelea yalichukua kiasi cha asilimia 15. Kuoga na choo havikufika hata robo. Kwa hiyo mgeni mwenyewe hana kesi kubwa. Anaoga kama sisi, pengine na zaidi kidogo kwa sababu ya mchanga. Kesi ni ya ukoka. Ni ya yale majani ya kijani kibichi yaliyolazwa juu ya jiwe, mahali ambapo Mwenyezi Mungu aliweka mkadi na vichaka vya mwiba, yakamwagiwa maji asubuhi na jioni ili picha zitoke vizuri. Nimewahi kumuuliza kijana wa bustani katika hoteli moja kwa nini wanamwagia saa sita za mchana, jua la kichwa. Akanijibu kwamba ndio wakati ambao wageni wako ufukweni na njia ziko wazi.

Mtu akitoka Ulaya kuja Unguja, majani ameyaacha kwao. Mkadi hajauona. Asumini, mkilua na mlangilangi hajavinusa. Bustani ya mimea inayojua kuishi na chumvi na jua ingemshangaza zaidi, na ingekunywa sehemu ndogo tu ya maji yanayomwagwa sasa. Na kama lazima majani yawepo, kuna maji ya kufulia mashuka, ambayo yakichujwa vizuri yanatosha kuyanywesha. Mahali pengi maji hayo huishia kwenye makaro, na karo lililochimbwa kwenye jiwe lenye matundu lina jirani yake chini, ambaye ni kisima cha mtu.

Kuna wanaosema: mbona Dubai? Mbona kule wameweka hoteli na bwawa katikati ya jangwa na hakuna anayelalamika? Swali ni zuri, na nimelifikiria. Hoteli ya jangwani, kwa mfano Al Maha iliyofunguliwa mwaka 1999 nje ya jiji la Dubai, yenye bwawa dogo mbele ya kila chumba na choroa wanaopita karibu, kwa macho inaonekana ni israfu kuliko chochote tulichonacho Paje. Lakini jangwa halimdanganyi mtu. Mji wa Dubai unakunywa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mitambo mikubwa, nishati imeunguzwa, mabomba yamelazwa, na lita inapofika bombani ina bei ambayo mhasibu anaijua. Anayejaza bwawa pale anajua amelipa nini. Kwetu, maji ya kisima kilichomo ndani ya uzio gharama yake kubwa ni umeme wa pampu. Jirani aliyeko nje ya uzio ndiye analipa zilizobaki, na risiti hapati.

Tena jangwa lina darasa la zamani kuliko mitambo. Wengi wetu tuna ndugu Oman, na aliyewahi kutembezwa Nizwa ameoneshwa Falaj Daris, mmoja wa mifereji mitano ya kale ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mfereji wa falaj unapofika kijijini hupita kwanza pale watu wanapoteka maji ya kunywa. Kisha hufika msikitini na sehemu za kuogea. Kisha mitende. Mazao ya msimu, ambayo mtu anaweza kuyaacha mwaka wa ukame, yako mwisho. Mwenye shamba kubwa ana zamu kubwa, hakatazwi utajiri wake, ila hawezi kuipitisha bustani yake mbele ya kiu ya jirani. Zamu zilipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti, na usiku kwa kuchomoza na kutua kwa nyota. Nyota fulani ikifika pahala pake, fulani hufungiwa na fulani hufunguliwa.

Nilipoambiwa hilo niliikumbuka ofisi yenu. Ninyi nanyi mna nyota mkononi.

Mfumo wa nyota za mahoteli, popote duniani, huuliza upana wa chumba, ubora wa godoro, huduma ya chumbani, mgahawa, bwawa. Huuliza kama maji ya moto na ya baridi yapo saa 24. Nadra kuuliza yanatoka wapi, na kama nyumba zilizo nyuma ya ukuta zinayo angalau saa mbili. Matokeo yake, nyota zenyewe huwa zinamsukuma mwekezaji avute zaidi: bwawa kubwa, bustani pana, beseni la kuogea katika kila chumba. Naomba Kamisheni iligeuze jambo hili. Hoteli inayotaka nyota nne au tano ilete hesabu ya maji yake ya miezi 12: kiasi gani kimetoka kisimani, kiasi gani kwenye mapaa, kiasi gani kwenye mtambo wa kuondoa chumvi, kiasi gani kimetumiwa mara ya pili. Ikizidi kiwango kitakachowekwa kwa kila mgeni kwa usiku mmoja, nyota ishuke. Mwekezaji hatopenda. Lakini mwekezaji anaogopa kupoteza nyota kuliko anavyoogopa faini, kwa kuwa faini hulipwa mara moja, na nyota ndiyo bei ya chumba.

Nimetaja mitambo ya kuondoa chumvi, na najua baadhi ya mahoteli yameshaiweka, tena yanajivunia. Yana haki ya kujivunia kiasi. Lakini mtambo huo hutema maji yenye chumvi kali kuliko bahari, na maji hayo ni mazito, hukaa chini. Mbele ya mahoteli yetu chini hapako patupu. Kuna vigingi na kamba za mwani, kilimo kilichoanza Paje na Jambiani mwaka 1989 na ambacho mpaka leo sehemu kubwa ya mikono yake ni ya wanawake. Joto la bahari limeshawapunguzia mwani ule wenye bei nzuri. Hawahitaji na chumvi ya hoteli. Na kama mtambo unavuta kutoka kisima kirefu cha pembezoni badala ya bahari yenyewe, basi tumezunguka na kurudi pale pale kwa Ghijben na Herzberg. Kwa hiyo mtambo nao uwekewe mita, mita mbili: ya kinachoingia na ya kinachotemwa, na paelezwe kinatemwa wapi.

Isisemwe kwamba anasa haiwezi kuishi bila kunyonya. Hapo mbele ya mji, Chumbe, hifadhi ya matumbawe iliyotangazwa mwaka 1994, kuna nyumba saba za wageni zilizojengwa kwa mapaa mapana yanayokusanya mvua na kuihifadhi chini ya sakafu. Maji yaliyotumika huchujwa kwa mimea. Vyoo ni vya mboji, havitumii maji kabisa. Umeme ni wa jua. Wageni wanalipa fedha nyingi kulala humo, na wanaondoka wakisifu. Najua kitakachosemwa: nyumba saba si vyumba 200. Ni kweli. Hoteli ya vyumba 200 haiwezi kuishi kwa mvua ya mapaa yake peke yake. Lakini ina mapaa makubwa kuliko Chumbe, nayo maji ya masika yote huyaelekeza kwenye mfereji wa barabara.

Nafahamu jibu la kiofisi linaloweza kunifikia. Kisima ni suala la Mamlaka ya Maji. Ardhi ni ya Serikali, na kukodisha ni kwa Kamisheni ya Ardhi. Mradi umepitia Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji. Athari za mazingira zina mamlaka yake. Kila neno hapo ni la kweli, na ndivyo maji yanavyopotea, kwa kupita katikati ya mafaili manne. Ninyi ndio ofisi ambayo mwekezaji huirudia, kwa leseni na kwa daraja, baada ya wengine wote kumaliza kutia saini. Wengine humuona kabla hajajenga. Ninyi humuona akiwa anauza. Ndiyo maana barua hii imepigwa anwani yenu.

Suala la kutangaza nalitilia mkazo, kwa sababu mita iliyofungiwa ndani ya uzio na kusomwa na mwenye uzio haina faida kwetu. Usomaji wa kila mwezi ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya sheha wa eneo, jina la hoteli na idadi ya lita, kwa Kiswahili, pembeni ya kipimo cha chumvi cha visima vya kijiji kwa mwezi huo huo. Kifaa cha kupimia chumvi ni kidogo, hushikwa mkononi, na mwanafunzi wa skuli ya sekondari anaweza kufundishwa kukitumia kwa asubuhi moja. Wapeni kazi hiyo. Watakuwa na somo la sayansi lenye maana, na kijiji kitakuwa na ushahidi. Safu zile mbili za tarakimu zikikaa ubaoni pamoja kwa msimu mmoja wa kaskazi, mazungumzo kati ya kijiji na hoteli yatabadilika. Sasa hivi kijiji kinatuhumu na hoteli inakanusha. Ripoti ile ya 2012 ilieleza hata habari za walinzi waliowekwa kulinda mabomba ya hoteli dhidi ya wanakijiji. Siwalaumu walinzi, walitumwa. Lakini pahala palipofika kuwekewa askari wa bomba, tuhuma zimeshakaa sana bila tarakimu.

Mwekezaji atadai kwamba matumizi yake ya maji ni siri ya biashara. Siri ya nini? Idadi ya vyumba vyake iko kwenye matangazo yake. Bei yake iko hadharani kwa yeyote mwenye simu. Maji anayovuta si mali aliyokuja nayo kwenye kontena. Yako chini ya uwanja wa mpira, chini ya msikiti, chini ya makaburi ya wazee wetu, na hayaulizi ukuta umepita wapi. Anayekunywa bilauri moja na jirani yake hawezi kusema kiasi alichokunywa ni siri.

Kuna na hoteli ambazo bado hazijajengwa, na hizi ndizo rahisi zaidi kwenu. Kabla ya leseni mpya kutolewa katika ukanda wa kuanzia Nungwi kuteremka mpaka Makunduchi, visima vya vijiji vilivyo jirani na kiwanja vipimwe chumvi kwa msimu mzima wa kiangazi. Si siku moja mwezi wa Mei, ambapo kila kisima cha Unguja ni kitamu. Wataalamu wanaoletwa kupima mwezi wa Mei hawasemi uongo, na hawaelezi kitu. Tukishakuwa na kipimo cha kabla, miaka mitano baadaye hatutobishana nani aliharibu.

Nawakumbusha jambo moja ambalo waliokuwapo hawalisahau. Desemba 2009 hadi Machi 2010 umeme kutoka bara ulipokatika, Unguja ilikaa gizani kwa miezi mitatu, katikati ya msimu wa wageni. Pampu za vijiji zilisimama. Mahoteli makubwa yaliwasha jenereta zake na kuendelea kuvuta. Maji yaliyo chini ya jiwe moja, kwa miezi ile, yakawa ya mwenye dizeli. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hapakuwa na sheria ya kuvunja, na kwa kadiri ninavyoelewa hali ya mahoteli na vijiji, umeme ukizimika kesho mambo yatakuwa vile vile. Kwa hiyo masharti ya leseni yaseme, kwa maneno yasiyohitaji wakili, kwamba hoteli yenye jenereta na kisima itatoa mfereji mmoja nje ya ukuta wake wakati wa dharura, bila malipo, saa zijulikanazo. Mameneja kadhaa wangefanya hivyo kwa hiari. Wengine wangesubiri barua kutoka makao makuu ya kampuni, na dumu halisubiri barua.

Nimeacha mengi. Sikugusa zile mita 30 kutoka mstari wa maji makubwa ambazo hazitakiwi kujengwa, wala ufukwe ambao mvuvi anaulizwa anakwenda wapi huku nyayo za babu yake ziko pale pale. Hayo yana waandishi wake, nami nikiyachanganya humu mtapata sababu ya kujibu hayo na kuyaacha maji.

Ninachosubiri ni majibu ya maswali matatu, nayo hayahitaji semina. Je, Kamisheni iko tayari kuyaingiza maji katika vigezo vya nyota, na kuanzia ukaguzi wa mwaka gani? Je, mita za visima vya mahoteli zitasomwa na nani, na zitabandikwa wapi? Na hoteli ya kwanza itakayoleta hesabu zake kwa hiari, je, mtaitangaza kwenye maonesho ya utalii huko Berlin na London kama mnavyotangaza mchanga wetu mweupe? Hilo la mwisho halina gharama yoyote kwenu, na mkilianza mtashangaa wangapi watafuata.



Mkaazi wa pwani ya mashariki,
Unguja.

Nakala:
Mamlaka ya Maji Zanzibar.
Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji Zanzibar.
Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar.
Masheha wote, Nungwi hadi Makunduchi: tafadhali mubandike ubaoni.